Bezmenov, Golitsyn na mizani ya wapokezi

Kuna kipande cha video ambacho kimekuwa kikizunguka katika simu za watu hapa Lamu, kinachomwonyesha Mrusi mmoja akieleza kwa utulivu mkubwa namna taifa linavyoweza kuangushwa bila risasi hata moja kufyatuliwa. Mtu huyo ni Yuri Bezmenov, aliyekuwa mtumishi wa Novosti, shirika la habari la Usovieti, na ambaye mwaka 1970 alitoroka kituo chake cha kazi New Delhi kwa kujigeuza hipi miongoni mwa mahipi waliokuwa wakirandaranda India siku hizo. Mahojiano yenyewe yalirekodiwa Marekani mwaka 1984. Anataja awamu nne: kuozesha maadili ya watu kwa miaka 15 hadi 20, kuyumbisha uchumi na utawala kwa miaka 2 hadi 5, kuzua mgogoro wa wiki zipatazo sita, kisha kurejesha utulivu chini ya watawala wapya.

Aliyeweka sauti ya Kiswahili juu ya video hiyo hakutosheka na maneno ya Bezmenov. Kila baada ya sentensi mbili tatu anaingiza ya kwake, mara bandari mpya ya Magogoni hapa Lamu, mara mtaala mpya wa shule, mara suruali za vijana, hata msikilizaji asiyejua Kiingereza akadhani kwamba mtu huyo, aliyefariki Kanada mwaka 1993, aliiona Lamu hii ya leo kwa macho yake.

Barazani kwetu Mkomani, baada ya sala ya alasiri, video hiyo imezua mjadala ambao haujaisha. Ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu pale, anaikubali yote. "Hawa walikuwa ndani ya nyumba, mwanangu," aliniambia. "Wewe uliye nje unawapinga kwa lipi?" Kijana mmoja anayefundisha historia katika shule ya upili akamjibu kwa adabu lakini bila kulegeza: "Ami, mtu aliyewauza watu wa kwao atashindwa vipi kuuza maneno? Alipewa hifadhi na riziki, naye akasema yaliyowapendeza wenyeji wake." Mimi naona kwamba wote wawili wanampima mtu mzima mzima, ama apokewe ama atupwe, ilhali kinachopaswa kupimwa ni kauli moja moja.

Na mji huu hauhitaji kufundishwa na mtu namna ya kupima kauli. Yeyote aliyewahi kukaa katika darasa la hadithi za Mtume, iwe katika msikiti wa Riyadha au wa mtaani kwake, anajua kwamba wanazuoni hawakuishia kuuliza kama mpokezi, yaani aliyeisikia hadithi na kuisimulia, ni mtu mwema. Waliuliza alisikia kwa nani, alikutana naye wapi, alikuwa na umri gani siku hiyo, kumbukumbu yake ilibaki timamu mpaka lini, na kama kuna wengine waliolipokea jambo hilo hilo kwa njia isiyopita kwake. Mpokezi mmoja aliweza kukubaliwa katika yale aliyoyasimulia mapema, na kukataliwa katika yale aliyoyasimulia baada ya vitabu vyake kuungua na akili kuanza kuchanganya. Silinganishi maneno ya Mtume na maneno ya majasusi, na msomaji asinidhanie hivyo. Ninaazima mizani tu, kwa kuwa sijaona iliyo bora zaidi kwa kupimia habari ya mtu mmoja juu ya jambo ambalo sisi wengine hatukulishuhudia.

Kabla ya kuipima ni haki nieleze kwa nini wazee wetu huamini haraka. Wao hawakuujua ukomunisti kwa kuusoma. Januari 1964 Unguja ilipinduliwa, na familia nyingi za hapa zilikuwa na ndugu, mali na walimu kule. Waliokimbia walifika na nguo walizovaa. Kisha washauri wa Ujerumani Mashariki, wa China na wa Usovieti wakaingia kisiwani, na idara ya usalama ya Unguja ikajengwa kwa msaada wa Wajerumani hao. Kaskazini yetu, nchini Somalia, Siad Barre alitwaa madaraka Oktoba 1969, mwaka uliofuata akatangaza ujamaa wa kisayansi, na Januari 1975 akawapiga risasi masheikh kumi kwa kuipinga sheria yake mpya ya familia. Mzee aliyekuwa Kiunga au Kismayu miaka hiyo hahitaji Mrusi wa kumfafanulia kwamba mambo hayo yalikuwa na sura mbaya.

Rafiki yangu mwalimu naye ana deni la kulipa, kwa sababu waliosema kwamba msaliti hasemi kweli wameaibika mara nyingi. Viktor Kravchenko alikuwa katika ujumbe wa manunuzi wa Usovieti mjini Washington alipotoroka mwaka 1944, na katika kitabu chake cha mwaka 1946 akaeleza njaa ya Ukraine, ukamataji wa watu na kambi za kazi za lazima. Les Lettres françaises, gazeti lililokuwa upande wa Wakomunisti wa Ufaransa, likaandika kwamba kitabu si chake na kwamba yeye ni mwongo. Akalishtaki. Kesi ilisikilizwa Paris mwaka 1949, na miongoni mwa mashahidi wake alikuwamo Margarete Buber-Neumann, Mjerumani aliyefungwa katika kambi za Stalin, kisha akakabidhiwa kwa Wanazi na kufungwa tena katika kambi ya Hitler. Kravchenko alishinda kesi. Waliomdhihaki hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa wasomi wenye nia njema, na bado njaa na kambi walizozikana zilikuja kuthibitishwa na kumbukumbu za Moscow yenyewe. Igor Gouzenko, karani wa maandishi ya siri katika ubalozi wa Usovieti mjini Ottawa, aliondoka Septemba 1945 na nyaraka 109, akaenda kwanza kwenye gazeti, na huko hakueleweka. Muda si mrefu mwanafizikia Mwingereza Alan Nunn May, aliyetajwa katika nyaraka hizo, alikiri mwenyewe.

Sasa nimrudie Bezmenov. Kazi yake Novosti ilikuwa kuwapokea na kuwatembeza wageni, waandishi na wasomi kutoka nchi mbalimbali, na anasimulia kwamba mojawapo ya wajibu wake ulikuwa kuhakikisha mgeni yuko katika ulevi tangu anaposhuka uwanja wa ndege wa Moscow, ili asipate nafasi ya kuangalia mambo akiwa na akili zake. (Ami aliuliza wageni wasiokunywa walifanywaje, na katika kipande tulichonacho jibu halimo.) Hapa ninampokea bila tabu. Ni kazi aliyoifanya kwa mikono yake, haimpi sifa yoyote, na wageni wengi waliotembezwa wameeleza ukarimu wa namna hiyo hiyo.

Kauli inayorudiwa kuliko zote, hata hivyo, si hiyo. Ni ile anayosema kwamba asilimia 15 tu ya muda, fedha na watu wa KGB, shirika la ujasusi la Usovieti, ilitumika katika ujasusi wa kawaida, na asilimia 85 ilikwenda katika kupotosha fikra za mataifa mengine. Nani alimwonyesha daftari? Ofisa wa habari wa New Delhi, hata akiwa anatumiwa na KGB kila siku, hakukaa katika chumba ambamo hesabu za shirika zima zilifunguliwa, na yeye mwenyewe hasemi kwamba alikaa. Hataji waraka alioupata mkononi wala mkubwa aliyemwambia. Miaka 15 hadi 20 ya kuozesha maadili nayo anaieleza kwa hoja, kwamba ndio muda unaotosha kusomesha kizazi kimoja. Hoja yaweza kuwa nzuri au mbaya, lakini ni ya kufikiriwa, na mtu yeyote wa barazani anaweza kuitoa bila kuwahi kufika Moscow. Kisha tukumbuke kwamba alipoketi mbele ya kamera alikuwa nje ya kazi miaka 14, na wasikilizaji wake wakuu walikuwa watu waliokwisha kuuchukia ukomunisti kabla hajafungua kinywa. Aliwaambia kwamba kuozeshwa kwa Marekani kumekamilika na kwamba muda unayoyoma. Ilichukua miaka saba, na iliyoanguka ilikuwa Usovieti.

Liko eneo moja ambamo waliotoroka walisema kweli tupu, na sisi wa pwani tulikuwa miongoni mwa waliolengwa. Ladislav Bittman, aliyewahi kufanya kazi katika idara ya upotoshaji ya Czechoslovakia kabla ya kutoroka mwaka 1968, na Stanislav Levchenko, ofisa wa KGB aliyejificha katika sura ya mwandishi wa jarida mjini Tokyo hadi mwaka 1979, walieleza kila mmoja kwa wakati wake na kutoka nchi yake kwamba kulikuwa na watu walioajiriwa kutunga habari na kuzipandikiza katika magazeti ya mbali. Namna kazi hiyo ilivyofanyika inaonekana vizuri katika uzushi wa UKIMWI. Julai 1983 gazeti la Patriot la New Delhi lilichapisha barua isiyo na jina, iliyodaiwa kutoka kwa mwanasayansi maarufu wa Marekani, ikisema kwamba virusi hivyo vilitengenezwa na jeshi la Marekani katika maabara ya Fort Detrick. Oktoba 1985 Literaturnaya Gazeta ya Moscow ikairudia habari hiyo kwa kuitaja Patriot. Profesa mmoja wa Berlin Mashariki, Jakob Segal, akaivisha joho la kitaalamu, na mwaka 1986 kijitabu chenye madai hayo kikagawiwa Harare, wakati wa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote.

Itazame sanad hii, mnyororo huu wa wapokezi, kwa makini. Gazeti la Moscow lipo kweli, gazeti la India lipo kweli, tarehe ni sahihi, ukienda maktaba utazikuta nakala. Na ukifika mwisho wa mnyororo, pale anapopaswa kusimama yule aliyeona kwa macho yake, hukuti mtu. Nilipokuwa kijana niliisikia habari hiyo Langoni, imesimuliwa kama jambo lisilo na mjadala, na ningali ninaisikia hadi leo kwa watu ambao hawajawahi kulishika gazeti la Kirusi. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba ilikuwa kazi ya idara yake. Bittman na Levchenko walisema kweli, basi, na walithibitishwa na adui yao. Nitaongeza kwamba huyu bwana aliyeipaka video ya Bezmenov sauti ya Kiswahili na kuichomeka Magogoni ndani yake anafanya kazi ile ile, ingawa bila mshahara.

Mgumu kuliko wote ni Anatoliy Golitsyn. Alikuwa meja wa KGB, akajitokeza Helsinki nyumbani kwa mkuu wa kituo cha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Desemba 1961, na taarifa alizokuja nazo zilikuwa nzito: zilisaidia kumnasa Georges Pâques, Mfaransa aliyekuwa akitoa siri za NATO, jumuiya ya kijeshi ya Magharibi, aliyekamatwa mwaka 1963. Hapo alikuwa shahidi wa aliyoyaona. Baadaye mkuu wa kitengo cha CIA cha kupambana na majasusi wa nje, James Angleton, akamfungulia mafaili ya shirika, na kuanzia hapo Golitsyn akageuka mfasiri. Alisema mwishoni mwa miaka ya 1950 Wakomunisti wote walikubaliana juu ya mkakati mmoja wa muda mrefu wa kuuhadaa ulimwengu, na kwamba ugomvi wa China na Usovieti ni mchezo wa kuigiza, uasi wa Romania vivyo hivyo, na Machipuko ya Prague, yale mageuzi ya Czechoslovakia ya mwaka 1968, vivyo hivyo. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1984, mwaka ule ule wa mahojiano ya Bezmenov.

Machi 1969 askari wa Usovieti na wa China waliuana katika kisiwa kidogo cha mto Ussuri, ambacho Warusi hukiita Damansky na Wachina hukiita Zhenbao. Mtu wa kawaida angedhani kwamba damu ingemaliza hoja. Wafuasi wa Golitsyn walisema hata hiyo ni sehemu ya igizo. Kauli ikifika hapo, mimi huiweka chini, kwa sababu mapatano yanakuwa ushahidi wa mpango, ugomvi nao unakuwa ushahidi wa mpango, na hakuna tukio lolote duniani ambalo lingeweza kumfanya mwenye kauli hiyo aiache. Ami alinikumbusha kwamba Golitsyn aliandika, miaka mitano kabla, kwamba huenda hata ukuta wa Berlin ukabomolewa. Ni kweli aliandika, na ninamvulia kofia kwa hilo. Lakini alisema ubomoaji huo utakuwa hila ya kukipa chama nguvu zaidi, na kilichotokea ni kwamba chama kilipigwa marufuku Urusi mwaka 1991, jeshi likaondoka Ujerumani, na dola moja ikawa nchi 15. Kuna wanaosema pia kwamba ukaribu wa Moscow na Beijing wa miaka hii unathibitisha kwamba hawakuwahi kugombana. Kwa mizani hiyo watu wawili wakipatana uzeeni itakuwa ushahidi kwamba ujanani hawakupigana.

Kosa hili liliumiza mtu. Mwaka 1964 ofisa mwingine wa KGB, Yuri Nosenko, alitorokea upande wa Marekani akiwa Geneva. Golitsyn alikwisha kuonya kwamba Moscow itatuma watoro wa uongo ili kuharibu sifa yake, kwa hiyo kila atakayekuja na habari tofauti na zake angehesabiwa kuwa ametumwa. Nosenko alikuja na habari tofauti. CIA wakamfungia peke yake siku 1,277, sehemu kubwa ya muda huo katika jengo lililojengwa kwa ajili yake tu, bila kitabu, bila kesi, wakimhoji na kumhoji. Mwishowe wakamsafisha, wakamlipa fidia na kumpa kazi ya ushauri. Watu makini, wenye elimu na mamlaka, walifanya hivyo kwa kumwamini mpokezi mmoja katika jambo ambalo hakulishuhudia, kwa sababu katika mengine alikuwa amesema kweli.

Na kama kweli kungekuwa na mpango mmoja mkubwa unaokwenda hatua kwa hatua, sisi wa Lamu tungeuona kabla ya wengi, kwa kuwa ulipita mlangoni petu. Julai 1974 Usovieti ilitia saini mkataba wa urafiki na Somalia, ikajenga kituo cha majini Berbera, na ikalipatia jeshi la Barre silaha na mafunzo. Julai 1977 jeshi hilo hilo likaivamia Ogaden, kupigana na Ethiopia, ambako mtawala wake Mengistu naye alikuwa amekwisha kuigeukia Moscow. Fidel Castro alikuwa amewaketisha pamoja Aden mwezi Machi mwaka huo ili awapatanishe, wakashindana hata mbele yake. Moscow ikalazimika kuchagua. Ilichagua Ethiopia, ikamimina silaha kwa ndege, maelfu ya Wacuba wakapelekwa, na tarehe 13 Novemba Barre akawafukuza washauri wa Kisovieti. Machi 1978 Wasomali waliondoka Ogaden wakiwa wameshindwa kwa silaha za yule yule aliyewapa zao. Kenya yetu, rafiki wa Uingereza na Marekani, ilisimama na Mengistu Mkomunisti, kwa sababu ya mkataba wa ulinzi wa enzi za Haile Selassie na kwa sababu Mogadishu iliidai Kaskazini Mashariki. Vijiji vya Wabajuni vya bara vilivyohamwa wakati wa vita vya Shifta vilikuwa bado magofu. Mwaka 1980 Wamarekani wakapata ruhusa ya kuitumia Berbera.

Pale barazani tuna jirani yetu, Mbajuni mzaliwa wa Kismayu, aliyehamia huku vita vilipoanza mwaka 1991. Mwalimu alimwomba asimulie siku Warusi walipoondoka. Akaeleza walivyokuwa wakiuza vitu vyao kwa haraka, masufuria, magodoro, friji zilizoandikwa kwa herufi ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, na jinsi yeye alivyonunua feni ya meza kwa bei ya samaki. Ami akamuuliza kwa nini Moscow ilikubali kuipoteza Somalia. Akajibu: "Hayo ya wakubwa mimi siyajui, bwana. Mimi nilinunua feni, na feni ilikuwa nzuri." Ningependa Golitsyn angekuwa na nusu ya nidhamu hiyo.

Wapo waliotoroka ambao maonyo yao yalikwenda kinyume kabisa na picha ya mafundi wa hila wanaojua kila hatua. Oleg Gordievsky alikuwa ofisa wa KGB aliyewafanyia kazi Waingereza kwa siri, akiwa London kuanzia mwaka 1982, kabla hajatoroshwa kutoka Usovieti Julai 1985 akiwa ndani ya buti la gari la wanadiplomasia hadi Finland. Aliwaonyesha maagizo halisi ya operesheni iliyoitwa RYAN, iliyoanza mwaka 1981, ambamo maofisa wa KGB nchi za nje walitakiwa kutafuta dalili kwamba Magharibi inajiandaa kushambulia kwa nyuklia, hata wahesabu taa zinazowaka usiku katika majengo ya serikali. Wazee wa Kremlin, kwa ushahidi wake, walikuwa na hofu, na katika luteka ya NATO ya Novemba 1983 hofu hiyo ilikaribia kuleta balaa. Kauli yake haikuwapendeza wenyeji wake, ilikuja na karatasi, na ilihusu mambo yaliyokuwa yakipita mezani pake wiki ile ile. Kwangu mimi huyu ndiye mpokezi wa daraja la juu.

Vasili Mitrokhin namweka karibu naye kwa sababu nyingine: hakudai kufahamu chochote zaidi ya alichokinakili. Alikuwa mtunza kumbukumbu wa KGB, akanakili mafaili kwa mkono kwa miaka mingi, akayaficha kwenye nyumba yake ya shamba, na mwaka 1992 Waingereza wakamtoa na mzigo wake. Mwaka 1999 nakala zake zilimfichua Melita Norwood, bibi wa miaka 87 aliyekuwa akiishi kimya kusini mwa London, naye akakubali kwamba aliwapa Wasovieti siri za nyuklia. Hata hivyo wasomaji wangu wa Malindi, ambako siasa za Italia hujadiliwa mkahawani kama za Kilifi, watakumbuka kilichozipata nakala hizo zilipofika Roma: Bunge liliunda tume mwaka 2002, kila upande ukazitumia kuupaka mwingine matope, na mwaka 2006 kazi ikaisha bila kauli moja ya pamoja. Nakala ilikuwa nzuri. Wasomaji walikuwa na uchaguzi wa kushinda.

Jenerali Jan Sejna wa Czechoslovakia simzungumzii kwa urefu. Alitoroka Februari 1968 akijua mengi juu ya vikao alivyokaa, na mwaka 1996, miaka 28 baadaye, alikuwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akisimulia majaribio ya kitabibu juu ya wafungwa wa vita vya Korea. Kumbukumbu inayoongezeka kadiri miaka inavyokwenda wanazuoni wetu waliijua vizuri.

Kuhusu Magogoni, ambako ndiko video hii inakotaka kutupeleka: gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, mjenzi ni kampuni ya serikali ya China, na maswali yapo mengi. Lakini wavuvi wa Lamu walipokwenda mahakamani hawakupeleka mahubiri juu ya mkakati wa Wakomunisti. Walieleza njia za maji walizozitumia, mikoko iliyokatwa, maeneo ya samaki yaliyofukiwa, na tathmini iliyofanywa bila wao kushirikishwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu, ikiketi Malindi, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Ami alinisikiliza yote hayo, kisha akanipa pingamizi ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote. "Mizani yako, mwanangu, ni ya kupimia waliokwisha kufa. Unataka waraka, unataka mpokezi wa pili, na wenye kupanga mabaya hawaweki waraka wazi mpaka wamemaliza. Utakapopata hakika yako, mji umekwenda."

Nilimjibu kwa kisa cha Vladimir Pasechnik. Alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti Leningrad, akatoroka akiwa Paris Oktoba 1989, na akawaambia Waingereza kwamba Usovieti, iliyotia saini mkataba wa mwaka 1972 wa kupiga marufuku silaha za vijidudu, inazitengeneza kwa wingi, tauni ikiwamo. Waraka hakuwa nao. Hawakumkumbatia wala hawakumfukuza. Walichukua yale aliyoyasimamia yeye mwenyewe katika taasisi yake, wakayageuza kuwa maswali, wakaibana Moscow kwa maswali hayo, na Januari 1991 wakaguzi wa Uingereza na Marekani wakaingia ndani ya majengo yaliyotajwa na kuona vifaa ambavyo maelezo ya wenyeji hayakuvitosha. Mwaka 1992 Ken Alibek, mmoja wa wakubwa wa mpango huo, akatoka kwa njia yake na kueleza jambo hilo hilo. Mwaka huo huo Boris Yeltsin akakiri, pamoja na ukweli juu ya Sverdlovsk, ambako Aprili 1979 watu wasiopungua 66 walikufa kwa kimeta kilichovuja kutoka kituo cha jeshi, huku serikali ikisema walikula nyama mbovu. Kutoka kauli ya mtu mmoja asiye na karatasi hadi kukiri kwa rais, nilimwambia Ami, ni chini ya miaka mitatu.

Alifikiri kidogo, akasema miaka mitatu ni mingi kwa mgonjwa wa kimeta. Nikamwambia ni kweli, ila siku 1,277 za Nosenko nazo ni miaka mitatu na nusu, na hizo zilipotea kwa kuamini haraka.